Chonga wa Minazi na Dundu wa Mavi

Katika wadudu wote waliokwisha kuandikwa na wataalamu wa elimu ya viumbe, hakuna jamii kubwa kuliko ile ya madundu, ambao mabawa yao ya mbele yamegeuka magamba magumu ya kuyasitiri yale ya nyuma warukiayo. Aina zao zilizokwisha pewa majina zinakaribia 400,000, na mtu atakaye kuzieleza zote hatamaliza katika umri wake. Mimi nimechagua wawili tu, kwa sababu wote wawili ni wenyeji wa nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, mmoja akikaa katika mashamba ya minazi tangu Lamu hata Mtwara, na mwenziwe katika mbuga wapitamo ndovu, nyati na ng'ombe. Na kwa sababu, ingawa wataalamu huwahesabu kuwa ni watu wa aila moja, maisha yao yametengana hata mmoja amekuwa adui awindwaye kwa chuma na sumu, na wa pili amekuwa mtumishi ambaye nchi ya mbali ilimgharimia safari ya ndege ili akafanye kazi ambayo wenyeji wa huko walishindwa kuifanya.

Wa kwanza ni chonga, ambaye jina lake la kitaalamu ni Oryctes monoceros. Ni dundu mweusi mwenye wekundu wa kahawia tumboni, urefu wake sentimita 4 hata 5, na juu ya kichwa chake imesimama pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma, ndefu kwa dume na fupi kwa jike. Mchana hujificha, na usiku huruka kwa mvumo mzito unaosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Akifika juu ya mnazi hutua katika makwapa ya makuti, pale ambapo upongoo wa kuti umeshikana na shina, akashuka kichwa kikitangulia na kuanza kuchimba kuelekea moyoni, ambako makuti machanga yamekunjamana yakiwa meupe na laini, hayajaonja jua. Watu wengi hudhani kuwa anakula mti. Lakini aghalabu hutafuna nyuzi ili azikamue na kunywa maji yake, na makapi huyasukuma nyuma yake yakajaa mdomoni mwa tundu, na hayo makapi mabichi ndiyo dalili aitafutayo kwanza mkwezi hodari kabla hajatia chuma chake chenye ncha iliyopindwa, akamchomoa mdudu kutoka katika pango alilojichimbia.

Jeraha lenyewe halidhihiriki siku ile. Kuti lililotobolewa likiwa limekunjwa huendelea kukua, na litakapofunuka baada ya majuma kadhaa, tundu moja lililopita katika mikunjo mingi hutokea pande zote mbili za upongoo kuwa mapengo ya pembetatu yaliyopangika kwa ulinganifu, hata mtu asiyejua hudhani kuwa mkata nguo amepita pale na mkasi. Kwa hiyo mwenye shamba huyasoma makuti yake kama habari za mambo yaliyopita, na aonapo pengo leo hujua kuwa mgeni wa usiku alikuja zamani kidogo, labda amekwisha kwenda zake. Mnazi mkubwa huvumilia mapengo machache, ingawa hupungukiwa na nguvu kwa kadiri ya majani uliyopoteza, na pengine karara lake huharibiwa kabla halijafunguka, ukakosa vidaka vya msimu. Lakini mnazi hauna tawi la pili: uhai wake wote umewekwa katika kilele kimoja, na chonga akikifikia kilele hicho hakuna chipukizi litakalotoka mahali pengine kushika nafasi yake. Miche ya miaka michache, ambayo moyo wake uko karibu na haujavikwa nyuzi ngumu, ndiyo ifayo kwa wingi, na kila mche ufao ni miaka 6 au zaidi ya kungoja iliyopotea, maana mnazi wetu mrefu wa pwani hauanzi kuzaa upesi. Tena jeraha lake hufungua mlango kwa adui mwingine, fukusi mkubwa wa michikichi na minazi mwenye mdomo mrefu, ambaye hutaga mayai penye kidonda kibichi, na mabuu yake yakaitafuna nyama ya mti kwa ndani mpaka kichwa kikaanguka.

Hizo ndizo dhambi za chonga, nami sitaki kuzipunguza, kwani nimewaona watu wazima wakitazama mche uliokauka kilele kwa huzuni ile ile watazamayo mnyama wa mfugo aliyekufa zizini. Walakini hukumu juu ya kiumbe haikamiliki mpaka utoto wake nao umetazamwa. Jike la chonga halitagi katika mnazi ulio hai. Hutafuta gogo lililolala na kuoza, au kisiki, au fungu la unga wa mbao, au lundo la samadi lililoachwa, akazika humo mayai yake mamoja mamoja, makumi kwa makumi, kisha akaenda zake asirudi tena kuyatazama. Buu litokalo humo ni jeupe, nene, limejikunja, lenye kichwa cha kahawia na miguu sita midogo, na kwa muda wa miezi kadhaa kazi yake ni moja tu, nayo ni kula uozo na kuutoa ukiwa umekuwa udongo. Likishiba na kutimia, hujifanyia chumba ndani ya uozo ule ule, likageuka bundo, na bundo likageuka dundu mwenye pembe, na hapo ndipo shari yake inapoanza. Basi mdudu huyu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hamdhuru mtu hata kidogo. Hufanya kazi ambayo msitu usingeweza kuendelea bila ya kufanywa, na gogo ambalo lingelala miaka mingi hulitia katika ardhi ili lilishe mti mwingine.

Sasa tuiache pwani, tupande bara mpaka Tsavo katika nchi ya Kenya, tukamtazame nduguye. Mwaka 1974 wataalamu wawili, J. M. Anderson na M. J. Coe, walichapisha habari za uchunguzi wao juu ya mavi ya ndovu katika nyika ile, wakaeleza kuwa fungu moja la kilo 1.5 lilijiwa na madundu wapatao 16,000, na kwa muda wa saa 2 likawa limeliwa, limezikwa na kuviringishwa hata likaisha. Namwomba msomaji asiipite habari hii kwa haraka. Ndovu mmoja hutoa mavi kilo nyingi kila siku, na makundi ya nyati na punda milia hutoa yasiyohesabika; lau yangebaki yote pale yaangukapo, nyasi zingefunikwa, inzi wangezaliana bila ya kiasi, minyoo ya wanyama ingengoja malishoni, na rutuba yote ingekaushwa na jua na kupotelea hewani. Haiwi hivyo kwa sababu wako wafanya kazi hawa, ambao huja kwa harufu, wengine mchana na wengine usiku, kila kabila na desturi yake: wako wakaao ndani ya fungu lenyewe, wako wachimbao chini yake na kuyashusha mavi katika mashimo, na wako wale mashuhuri zaidi, wa jamaa za Kheper na Scarabaeus, wakatao sehemu yao wakaiviringisha mbali.

Huyu mviringishaji hupendeza kutazamwa kwa karibu. Ukingo wa kichwa chake ni bapa na una meno, na miguu yake ya mbele nayo ina meno, basi kwa vyombo hivyo hukata bonge, akalipigapiga, akaligeuza, akaliongeza huku na kulipunguza kule, mpaka likawa tufe lililo zito kuliko yeye mwenyewe mara nyingi. Kisha husimama kichwa chini, miguu ya mbele ikiwa ardhini na ya nyuma ikiwa juu ya tufe, akaenda kinyumenyume akilisukuma pasipo kupaona aendapo. Haraka yake ina sababu. Kulifinyanga tufe ni kazi na kuliiba ni kazi ndogo zaidi, na pale penye fungu hawakosekani wanaongoja mwenzao amalize ili wamnyang'anye. Mapigano hutokea, na mshindwa hutupwa chali.

Katika habari za mapigano hayo kuna jambo ambalo mimi naliona kuwa ni la ajabu kuliko yote. Tumezoea kufikiri kuwa mdudu hana joto lake mwenyewe. Lakini George Bartholomew na Bernd Heinrich, katika uchunguzi walioufanya Kenya na kuuchapisha mwaka 1978, walipima joto la vifua vya madundu hawa wakati wa kuruka, kufinyanga na kuviringisha, wakakuta kuwa dundu mkubwa aweza kukitia moto kifua chake kwa kuitikisa misuli ya kurukia hata kikafika nyuzi 40 za selsiasi, ilhali hewa imezizima; na kwamba aliye moto hukimbia na tufe lake upesi kuliko aliyepoa, na katika ugomvi wa kugombania tufe, aghalabu aliye moto zaidi ndiye ashindaye.

Mwenye tufe akitaka kuokoka yampasa aende kwa mstari ulionyoka, maana akipinda atajikuta amerudi kwa wezi. Kabla ya kuondoka hupanda juu ya tufe akazunguka juu yake, naye kwa kitendo hicho huitazama mbingu na kushika alama. Mchana huongozwa na jua na namna nuru yake ilivyotandwa angani. Usiku huongozwa na mwezi. Na ikiwa hakuna mwezi? Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund katika Sweden, na Marcus Byrne wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand katika Afrika ya Kusini, pamoja na wenzao, walimchukua dundu wa usiku aitwaye Scarabaeus satyrus, wakamvika kofia ndogo ya karatasi ngumu iliyomzuia kuona juu, akapotea njia, akazungukazunguka, wakamvua, akanyoka. Kisha wakampeleka katika nyumba ya maonyesho ya nyota ya Johannesburg, ambamo mbingu hufanywa kwa taa, wakazima nyota zote wakabakisha ule utepe mweupe uitwao Njia Nyeupe, na dundu akaweza kushika mstari wake kwa utepe huo peke yake. Habari hii ilichapishwa mwaka 2013, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuthibitisha kuwa mdudu hujiongoza kwa Njia Nyeupe. Mabaharia wetu wa majahazi, waliokuwa wakisafiri kwa nyota kati ya Unguja na Maskati, walikuwa wakishiriki elimu ile ile na kiumbe huyu.

Afikapo mahali penye udongo wa kumridhisha, dundu huchimba, akalizika tufe na kujizika nalo. Matufe mengine ni ya kula tu. Lakini lile la uzazi hutengenezwa kwa uangalifu mwingine: mama hulifinyanga upya chini ya ardhi, akalinyosha upande mmoja likapata shingo, na katika shingo hiyo, penye hewa, akaweka yai moja. Umbo hilo lilikuwa siri mpaka mwisho wa karne ya 19, wakati mchungaji kijana wa kusini mwa Ufaransa alipomletea Jean-Henri Fabre tufe lenye shingo alilolifukua malishoni, na mzee yule, aliyekuwa amemchunguza mdudu huyu kwa miaka mingi bila ya kuona kiota chake, akapata furaha ambayo hakuificha katika maandishi yake. Buu huzaliwa ndani ya chakula chake, hula kuta za nyumba yake kwa ndani pasipo kuzitoboa, na likipasua ufa huuziba. Na katika baadhi ya jamaa za Kheper mama haondoki: hukaa na tufe lake gizani kwa majuma mengi, akilisafisha ukungu, mpaka mwana atoke.

Hapa tofauti ya ndugu hawa wawili inafika mwisho wake. Chonga ana watoto wengi asiowajua, akiwaachia bahati na gogo bovu. Dundu wa mavi ana mtoto mmoja mmoja, na kila mmoja amegharimiwa tufe, shimo na ulinzi. Sioni kuwa mmoja ni mama mwema na mwingine mbaya. Gogo la mti ni akiba kubwa isiyokimbiliwa na mtu, idumuyo miaka, basi hapana haja ya kupigania sehemu. Bali mavi ni mali ya saa chache inayogombaniwa na maelfu, na asiyekata haki yake mapema na kuificha hana kitu. Riziki ya kila mmoja ndiyo iliyomfundisha malezi yake.

Na kama ilivyo kwa malezi ndivyo ilivyo kwa sifa zao mbele ya wanadamu. Mnazi si mti wa asili ya Afrika. Uliletwa katika pwani hii kwa njia ya bahari kutoka pande za mashariki. Chonga ndiye mwenyeji, naye alikuwako tangu zamani katika mikindu, mivumo na michikichi, iliyotawanyika huku na huko, ambayo ilimpa riziki ya kiasi. Wazee wetu walipopanda mashamba ya minazi kwa maelfu, safu kwa safu, na kuyaacha magogo ya minazi iliyokufa yalale pale pale chini ya iliyo hai, walimwekea chonga kitanda cha watoto na meza ya wakubwa katika uwanja mmoja. Kule Australia mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe walifika huko pamoja na meli za Waingereza mwaka 1788, lakini madundu wa mavi ya ng'ombe hawakufika. Madundu wenyeji wa huko walikuwa wamezoea mavi madogo makavu ya kangaruu, na hayo mapana yenye maji hawakuyaweza. Malisho yakafunikwa, na inzi wakawa balaa. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, aliyehamia kule baada ya vita kuu ya pili, alilitambua pengo hilo, na kwa juhudi yake serikali ikafungua kituo katika Afrika ya Kusini cha kukusanya madundu wetu. Kwa kuogopa kuhamisha maradhi ya mifugo, hawakupeleka wadudu wenyewe: walichukua mayai, wakayaosha kwa dawa, wakayasafirisha kwa ndege mpaka Canberra, na huko kila yai likatiwa katika tufe la mavi lililofinyangwa kwa mkono wa mtu. Walianza kuachiliwa malishoni mwaka 1968, na hata kazi ilipofika miaka ya 1980 zaidi ya aina 40 zilikuwa zimeachiliwa, nyingine zikafa, nyingine zikastawi na kuenea.

Juu ya chonga nako elimu imesaidia, ingawa si kwa ushindi kama huo. Binamu yake wa Asia, Oryctes rhinoceros, aliingia visiwa vya Samoa kwa bahati mbaya mwaka 1909, akaiharibu minazi ya Pasifiki kwa miaka mingi, mpaka Mjerumani Alois Huger alipogundua katika Malaya, mwaka 1963, kirusi kinachowaua mabuu na kuwadhoofisha wakubwa. Kikapelekwa Samoa mwaka 1967, na madhara yakapungua sana. Katika miaka ya 1980 kirusi hicho kililetwa Tanzania na Shelisheli kijaribiwe juu ya chonga wetu. Tena imegunduliwa harufu ambayo dume huitoa kuwaita wenziwe, nayo sasa hutengenezwa na watu na kutiwa katika ndoo za mitego. Lakini mimi naona kuwa dawa iliyo karibu zaidi iko chini ya miguu ya mwenye shamba. Mnazi uliokufa usiachwe umesimama wala umelala: upasuliwe, uchomwe au uzikwe, na kisiki nacho, kabla mabuu hayajapata miezi ya kutimia ndani yake. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, na haifai kitu akiifanya peke yake ilhali jirani ameacha magogo matano mpakani, kwa kuwa chonga huruka. Basi ni kazi ya mtaa mzima.

Na mfugaji naye ana lake. Dawa za minyoo za jamii ya ivermektini hutoka katika mwili wa ng'ombe pamoja na mavi kwa siku nyingi baada ya sindano, na mabuu ya madundu yanayolishwa mavi hayo hufa au hudumaa. Simwambii mtu aache kutibu mifugo yake. Bali atibu mnyama mwenye haja, asitibu kundi zima kwa mazoea, na akiweza achague wakati wa kiangazi, ambapo madundu ni wachache juu ya ardhi.

Liko swali moja ambalo huulizwa na wakulima wafugao ng'ombe na kupanda minazi pamoja, kama walivyo wengi katika Tanga, Kwale na Kilifi: akifukua lundo la samadi akakuta mabuu meupe, ayaue au ayaache? Buu la dundu wa mavi aviringishaye au azikaye halikai huru katika lundo. Limo ndani ya tufe lake, chini ya udongo wa malisho. Basi yale manene yatambaayo wazi ndani ya samadi iliyooza, yaliyofikia unene wa kidole gumba, katika nchi ya minazi yashukiwe kuwa ni ya chonga. Samadi igeuzwe mara kwa mara, isikae miezi mingi bila ya kuguswa, na kuku waachiwe walifikie lundo wakati linapogeuzwa, maana wao huyaona mabuu yale upesi kuliko mwenye jembe.